Webuye Haikuzaliwa 1974, Wala Haikufa 2009

Haya ni maneno niliyosema Desemba hapa Webuye, magharibi mwa Kenya, mbele ya watoto na wajukuu wa waliofanya kazi katika kiwanda chetu cha karatasi. Nayaweka yote kwa ajili ya ndugu waliokwama njiani na walio ng'ambo. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mulembe!

Hapana, hiyo ni mulembe ya watu ambao hawajanywa chai. Tena. Mulembe!

Naam. Sasa nimejua niko nyumbani.

Wazee wetu mlioketi mbele, mama zangu, kaka na dada, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni kana kwamba mnangoja matatu, asanteni kwa kuja. Najua Desemba ina shughuli zake. Kuna mtu hapa kuku wake yuko jikoni na roho yake iko huko huko. Nitajaribu kutomchelewesha.

Nilipoombwa kuzungumzia historia ya mji wetu, mwenyekiti alinipa ushauri. Alisema, "Mwalimu, usirefushe. Kiwanda kilianza 1974, kikafa 2009, watu wakatawanyika. Basi." Mwenyekiti, naona unacheka. Nilikujibu nini? Nilikujibu kwamba nitakuja, lakini tarehe zako zote mbili nazikataa.

Nawauliza na nyinyi. Mji huzaliwa siku mashine inapowashwa? Na umeme ukikatwa, mji unakuwa maiti? Kama ni hivyo, nyinyi mliojaza ukumbi huu ni akina nani?

Tuanze na maji, maana hata kiwanda kilianza na maji.

Mto Nzoia unatoka huko juu, vijito vyake vinateremka Cherang'any na Mlima Elgon, unapita hapa kwetu ukielekea Ziwa Victoria. Hapa ndipo unapoanguka kwenye miamba ya Nabuyole. Wakoloni walipofika wakayapa maporomoko hayo jina la mwenzao, Broderick, na mji wenyewe ukaitwa Broderick Falls. Kukhu wangu, yaani nyanya yangu, alikuwa akilitamka "Burodiriki" mpaka siku aliyofariki, na ukimsahihisha alikuwa anakutazama tu. Hakuona kwa nini ajisumbue kulitamka vizuri jina la mtu ambaye hakuwahi kumwona akichota maji pale.

Na juu ya maporomoko kuna nini? Kuna milima ya Chetambe. Vijana, mnaipanda Chetambe kupiga picha, nimeziona. Lakini mnajua mnakanyaga nini? Mwaka 1895 Wabukusu na Watachoni walijifungia kwenye ngome ya udongo na handaki kule juu, wakapigana na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Hobley, afisa wa kikoloni, kutoka Mumias. Ugomvi ulitokana na bunduki ambazo Waingereza walitaka zirudishwe. Upande mmoja ulikuwa na bunduki ya mzinga, upande wa pili ulitegemea zaidi mikuki na ngao. Sina haja ya kuwaambia ilivyoisha. Nataka tu mhesabu miaka. Kutoka 1895 hadi 1974 ni miaka 79, na miaka yote hiyo kulikuwa na watu hapa, wanalima, wanaoa, wanazika.

Halafu ikaja reli. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, ikaendelea magharibi kupitia Turbo na hapa kwetu hadi Uganda, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Sasa tuna mto, na tuna reli inayoweza kubeba mzigo hadi bandari ya Mombasa. Kimebaki kitu kimoja. Kipi?

Nimesikia mtu amesema miti. Umesema vizuri mama. Na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Watu wakisimulia kiwanda chetu huanzia langoni. Wanasimulia mashine, wanasimulia mameneja kutoka India, wanasimulia bomba la moshi. Hakuna anayesimulia mahindi. Ndiyo, mahindi! Karatasi ya Webuye ilianzia kwenye shamba la mahindi.

Katika miaka ya 1960, kabla ya kiwanda kuwapo, serikali ilianza kupanda misitu mikubwa kule Turbo kwa kusudi hasa la kutengeneza karatasi. Misonobari na misaipresi, ambayo asili yake ni Mexico. Mikaratusi, ambayo asili yake ni Australia. Sasa, miche ya msonobari ni kama mtoto mchanga, magugu yakiizidi inakufa. Nani atapalilia maelfu ya ekari? Jibu lilikuwa ule mfumo wa shamba. Unapewa kipande msituni, unapanda mahindi na maharagwe yako kati ya mistari ya miche. Ukipalilia mahindi, umepalilia na mti. Baada ya miaka mitatu hivi miti inafunga kivuli, mahindi hayaoti tena, unahamishiwa kipande kingine.

Kukhu alilima hivyo. Alitembea na jembe begani na mama yangu mgongoni. Alikuwa na kanuni moja aliyotufundisha hata sisi wajukuu: jembe lisikaribie shina la mche, hapo karibu unang'oa majani kwa vidole. Kwa vidole! Mwaka aliohamishwa kipande cha kwanza alilia, kwa sababu kile kivuli kilichomfukuza yeye mwenyewe ndiye aliyekilea. Halafu akaenda kuanza upya kwenye kipande kingine.

Kwa hiyo mkiniuliza nani alikuwa mfanyakazi wa kwanza wa kiwanda cha karatasi, mimi siwatajii injinia. Mfanyakazi wa kwanza ni mwanamke aliyekuwa amejifunga leso, hakuwa na kitambulisho cha kazi wala hakuwahi kupokea mshahara wa kiwandani, na jina lake haliko kwenye daftari lolote. Mwenyekiti, andika hiyo kabla ya 1974 yako.

Sasa tuingie langoni.

Kampuni iliundwa, ikaitwa Pan African Paper Mills. Sisi tukaikata tukabaki na "Pan Paper". Wenye hisa walikuwa serikali ya Kenya, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni binafsi, na kampuni ya Orient Paper ya kundi la Birla kutoka India, hao ndio waliokuja na ujuzi. Mwaka 1974 karatasi ikaanza kutoka. Kiwanda kilianza na uwezo wa tani 45,000 hivi kwa mwaka, kikapanuliwa hatua kwa hatua mpaka uwezo wake ukapita tani 100,000. Karatasi za kuandikia, za kuchapia vitabu, za kufungia mizigo. Mtoto wa Garissa aliyefungua daftari, mama wa Nyeri aliyefungua pakiti ya unga, wote walishika kitu ambacho huenda kiliwahi kuwa mti wa Turbo.

Baba yangu alifanya kazi kwenye mashine ya karatasi yenyewe. Nataka niwaonyeshe kitu alichonionyesha nikiwa darasa la tatu. Kila mmoja ana ile karatasi ya ratiba ya leo? Mnisamehe, waandalizi. Ichaneni! Ndiyo, ichaneni kwa urefu, kutoka juu kwenda chini. Polepole. Sasa chukueni kipande kimoja mkichane kwa upana.

Mmeona? Upande mmoja umechanika umenyooka kama umekatwa kwa rula. Upande wa pili umekwenda zigizaga. Kwa nini?

Baba alinieleza hivi. Mti umejengwa kwa nyuzi ndogo ndogo zilizoshikana kwa gundi yake ya asili. Gogo linamenywa gome, linakatwakatwa vipande vidogo ambavyo wafanyakazi waliviita chipsi. Chipsi hizo hazina tomato. Zinatiwa kwenye chungu kirefu kama ghorofa, daijesta, zinapikwa kwa mvuke na kostiki soda na dawa ya salfa mpaka ile gundi inayeyuka. Kinachobaki ni nyuzi tu, laini kama uji wa wimbi. Hiyo ndiyo palpu. Takriban nusu ya uzito wa mti ndiyo inayokuwa palpu. Nusu nyingine inatoka kama maji meusi mazito, nayo hayamwagwi hivi hivi, yanachomwa kwenye boila, yanatoa mvuke wa kuendesha mitambo, na dawa inarudishwa ikapike tena.

Halafu ule uji unaongezwa maji, maji, maji. Unapoingia kwenye mashine, katika kila lita 100, lita 99 ni maji matupu. Sasa mnaelewa kwa nini kiwanda kilikaa mtoni? Uji unamwagwa juu ya wavu unaokimbia, maji yanachuruzika, na nyuzi, kwa sababu wavu unakimbia, nyingi zinalala zikitazama kule wavu unakokwenda. Kama magogo yanayobebwa na mto. Ukichana kufuata nyuzi, karatasi inakubali. Ukichana kwa kuzikata, inakataa.

Baba alikuwa akishika daftari jipya analitikisa sikioni. Alisema karatasi nzuri inalia. Msonobari una nyuzi ndefu, unaipa karatasi nguvu. Mkaratusi una nyuzi fupi, unaipa ulaini wa kuandikia. Hakupita kidato cha pili, lakini ungempa karatasi gizani angekwambia imechanganywa vipi. Mimi nimefundisha miaka mingi, na hadi leo mwanafunzi akinipa insha, kabla sijasoma naitikisa kwanza.

Sasa, najua mnasubiri niseme lile jambo. Hamwezi kuzungumza habari za Pan Paper bila lile jambo.

Harufu.

(Watu walicheka hapa kwa muda, nikanyamaza.)

Harufu ya mayai yaliyooza na kabichi iliyochemka sana. Mgeni akishuka kwenye basi alikuwa anaziba pua, anatazama viatu vyake kama amekanyaga kitu. Sisi tulikuwa hatuisikii. Ilitoka kwenye ile salfa ya kupikia. Gesi zake ni za ajabu, pua ya binadamu inazisikia hata zikiwa chembe tu hewani.

Na gesi za salfa zikikutana na unyevu huwa kali, zinakula madini. Mabati yetu yanashuhudia. Magazeti yameandika, watafiti wamekuja wakaandika, na mtu yeyote aliyepita barabara kuu miaka ile aliona paa za mji huu zikiwa nyekundu kwa kutu, wakati Bungoma paa za umri ule ule bado zinang'aa. Kutu haikuanza na chuma, ilianza kwa kula ile zinki ya juu. Fundi mmoja wa mabati alikuwa na swali lake. Ukienda kununua, kabla ya kuuliza nyumba ina vyumba vingapi, anauliza, "Unajenga wapi?" Ukisema Webuye, anakuambia, "Basi acha geji 32. Chukua 28, ni nene zaidi, na utenge pesa ya rangi." Kodi ya bati, aliiita hivyo. Kila mkazi alilipa, aliyeajiriwa kiwandani na asiyeajiriwa. Na watu wa chini ya mto nao walikuwa na malalamiko yao kuhusu maji, hayo msiyasahau.

Wahenga walisema mgala muue na haki mpe. Kiwanda hicho hicho kilileta mishahara kwa watu zaidi ya elfu moja, na kila mshahara ulikuwa na mikono mingi inayoungoja. Kilijenga mitaa ya wafanyakazi. Kilikuwa na timu ya soka iliyocheza ligi kuu ya nchi. Jumapili ya mechi, nani alikuwa anazungumza habari za mabati? Nawaomba wale wanaosimulia upande mmoja tu, wa sifa au wa laana, wapunguze mwendo. Sisi tulikula pale na mabati yetu yakaliwa pale.

Sasa tufike 2009.

Januari 2009 mashine zilinyamaza. Wengi wetu tuna jibu la haraka la kwa nini. Wengine wanasema siasa, wengine wanasema wizi, wengine wanasema Wahindi. Mimi sikuja hapa kuwa hakimu. Lakini nimesoma yaliyochapishwa na nimewasikiliza wazee wa kazi, na kitu kinachonikaa kichwani ni hiki: kiwanda kile kilikuwa na saa mbili ukutani, na hazikuwa zikienda pamoja.

Saa ya kwanza ni ya mti. Panda msonobari siku mtoto anapozaliwa, utaukata akimaliza kidato cha nne. Hauharakishwi. Saa ya pili ni ya bili. Bili ya umeme, mwisho wa mwezi. Mafuta mazito ya kuchoma kwenye tanuri, ukileta tenka unalipa. Mkopo wa benki una tarehe yake, tena mwingine ulikopwa kwa pesa za kigeni, shilingi ikianguka, deni linapanda bila wewe kukopa hata senti. Mwaka 2008, Julai, pipa la mafuta duniani lilipita dola 140. Wakati huo huo karatasi kutoka nje ilikuwa inaingia kwa bei nafuu, na mashine zetu zilikuwa na umri wa mtu mzima mwenye watoto. Mti wa kukhu ulikuwa bado unakua Turbo, haujui lolote. Bili zikaja. Umeme ukakatwa. Wadai wakaweka meneja wao kushika mali.

Naona mzee mmoja anatikisa kichwa, anataka kusema nimeacha mambo. Nimeacha, mzee wangu. Ukipewa kipaza sauti nawe utayasema.

Kiwanda kiliwashwa tena baadaye kwa muda mfupi, watu wakaimba barabarani, kikazimika tena. Madai ya wafanyakazi yakaendelea kusikika kwa miaka. Mwaka 2016 kiliuzwa kwa shilingi milioni 900 kwa kundi la Rai, bei iliyozua mjadala mkubwa nchini, kikapewa jina la Rai Paper. Halafu mwaka 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji wa miti kwenye misitu yake, marufuku iliyokaa hadi 2023. Hayo mnayajua, mmeyaishi, nayapita.

Nataka kurudi kwenye lile neno "kufa".

Kulikuwa na mama mmoja, sitamtaja jina, lakini nusu ya ukumbi huu mmekula mkono wake. Alikuwa akiuza chapati langoni wakati wa kubadilishana shifti. Mahesabu yake yote yalikuwa ya shifti. Shifti ya asubuhi kilo sita za unga, ya mchana kilo nne, ya usiku kilo tatu na chai nyingi. Ukitaka kujua kama kiwanda kinaenda vizuri usingesoma gazeti, ungemuuliza amekanda kilo ngapi. Mwaka 2008 alishuka hadi kilo mbili. Yeye alijua kabla ya wahasibu.

Mashine ziliponyamaza alikaa nyumbani wiki mbili. Wiki ya tatu alibeba kikaango chake akaenda njia panda. Hebu fikirini mji huu uko wapi. Ile barabara kuu ya Nairobi kwenda Malaba inapita hapa. Barabara ya Kitale kwenda Kakamega na Kisumu inakatiza hapa. Malori ya Uganda, ya Rwanda, ya Kongo, usiku na mchana. Akaanza kupikia madereva. Lakini alifanya kosa la kwanza, na alilisimulia akicheka: alipika kwa saa za shifti! Saa nane mchana, chapati motomoto, hakuna mtu. Saa tano usiku, madereva wamejaa, yeye amelala. Ilimchukua miezi miwili kujifunza saa mpya.

Sasa niambieni, huyo mama alikufa 2009? Wale vijana wa bodaboda waliosomeshwa kwa chapati zile walikufa? Kuna watu waliumia, ndiyo. Kuna nyumba zilibaki na kufuli, kuna watoto waliacha shule, kuna wanaume ambao hawakuinuka tena, na baadhi yao tumewazika. Hilo silipunguzi hata kidogo. Lakini mtu akisimama mbele ya watoto wetu akasema mji wao ulikufa kabla hawajazaliwa, huyo anawaambia wao ni nini?

Niwapeleke safari fupi, halafu nimalize.

Miaka michache iliyopita nilialikwa harusini Tanzania, wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa. Baridi, ukungu, chai imefunika vilima. Tulifika usiku. Asubuhi nimefungua dirisha nikasimama pale pale. Harufu! Harufu ya kwetu! Nikamwita mwenyeji wangu nikamuuliza, "Dada, hapa kuna kiwanda cha karatasi?" Akashangaa. "Umejuaje? Kipo Mgololo." Akaanza kuniomba radhi kwa hiyo harufu, pole dada, pole, leo upepo umegeukia huku. Hakujua kwamba nilikuwa karibu kulia kwa furaha.

Tukaenda kuona kwa nje. Na kila nilipouliza, nilikuwa nasikia habari zetu kwa lafudhi nyingine. Msitu mkubwa wa misonobari wa Sao Hill, uliopandwa kwanza kabla ya kiwanda. Kiwanda kilichojengwa kwa mikopo ya nje, kikaanza mwaka 1985 kikiwa na uwezo wa tani 60,000. Mashine zikasimama katika miaka ya 1990. Halafu mwaka 2004 kikauzwa. Kwa nani? Kwa kundi lile lile la Rai. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi nje ya duka alinisimulia ule wakati wa kusimama. Akasema walichokosa zaidi ni usingizi, maana walizoea kulala na mngurumo wa mashine, na kimya kiliwaamsha.

Wangapi hapa mnakumbuka hicho kimya? Inueni mikono. Angalieni, vijana, angalieni hiyo mikono.

Nilirudi na wazo moja, ndilo lililonileta mbele yenu. Yule mzee wa Mgololo aliniuliza, "Na nyinyi kule kwenu mmeandika?" Nikajibu kwa haraka kwamba ndiyo, kuna ripoti. Akasema, "Siulizi za serikali." Nikanyamaza. Miaka 35 tumelisha nchi nzima karatasi, na mtu akitaka kujua shifti ya usiku ilikuwaje Webuye, sina hata ukurasa mmoja wa kumpa ulioandikwa na mtu wa shifti ya usiku.

Kwa hiyo sanduku liko pale mlangoni, kando ya birika la chai. Peislipu ya baba, kitambulisho chenye picha ya nywele za zamani, picha ya timu, barua ya kuajiriwa, barua ya kuachishwa, leteni. Hatuchukui, tunapiga picha na kuwarudishia hapo hapo. Wenye hadithi bila karatasi, kuna vijana wawili wana simu za kurekodi. Wazee, msiwaambie "nitakuja kesho". Na tafadhali, hadithi za misitu pia. Kama mama yako au kukhu alipalilia Turbo, leta jina lake.

Cha kwanza nimeshatia mimi. Ni kidaftari cha mfukoni cha baba. Mashine ya karatasi ikikimbia, utepe wa karatasi unaweza kukatika ghafla, na shifti nzima inaruka kuupitisha tena, mikono inaungua, msimamizi anapiga kelele. Baba aliandika kila ulipokatika, kwa kalamu ya risasi. Nasoma ukurasa mmoja tu, wa usiku mmoja wa Agosti:

"Saa nne na robo, imekatika. Saa nne na dakika ishirini na tano, imeshika. Saa saba kasoro, imekatika. Saa saba na dakika tano, imeshika. Saa tisa na dakika kumi, imekatika mara mbili. Jirani yangu ameungua kidole, nimempa mafuta ya kula apake. Saa kumi kasoro robo, imeshika. Mvua."

Chai iko tayari. Wazee watangulie.